Kuandaa darsa nne za maisha ya Khalid bin Walid: mwongozo kwa walimu wa madrasa wa Lindi na Mtwara

Darsa nyingi za Khalid bin Walid (r.a.), swahaba na amiri wa vita, zina kasoro ileile: mwalimu anageuza somo kuwa orodha ya ushindi. Mtoto anatoka akijua kwamba panga tisa zilivunjika mkononi mwake, lakini hajui siku ya Uhud alikuwa upande gani, wala kwa nini Khalifa Umar alimuuzulu akiwa bado hajashindwa vita. Mpango huu una darsa nne za dakika 45 hivi, muda unaopatikana kati ya Magharibi na Isha, na unawafaa wanafunzi wa miaka 12 na kuendelea. Walio chini ya umri huo wape Uhud na safari ya jangwani, inawatosha.

Tafuta kokoto 40, korosho mbili zenye maganda, mbegu tano za ubuyu, fimbo ya kuchorea, ndoo moja ya maji, na kamba ya mita tano. Ubao na chaki madrasa inavyo.

Ramani ya mchanga

Ichoreni baada ya Alasiri ya siku ya darsa ya kwanza. Baada ya Magharibi tochi hutupa vivuli na mistari haisomeki. Eneo la mita 5 kwa 4 linatosha. Msimu wa kusi mchanga mkavu unapeperuka na mistari inafutika kabla hamjamaliza, kwa hiyo nyunyizia ile ndoo ya maji kwanza, uache dakika chache maji yazame.

Hapa watu wa kusini tuna bahati. Lindi na Mtwara ziko karibu kwenye mstari mmoja na Makka, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kwa tofauti ambayo jicho haliioni. Mwanafunzi akielekea kibla, ramani imeshakaa sawa bila dira: mbele yake ni kaskazini, mkono wa kulia mashariki, wa kushoto magharibi.

Kipimo ni unyayo mmoja kwa kilomita 100. Weka kokoto ya Makka karibu na ukingo wa kusini wa eneo lenu, nyayo 5 kutoka ukingo wa kushoto. Kutoka Makka pima nyayo 3 na nusu mbele, hapo ni Madina. Kutoka Madina pima nyayo 7 kulia, hapo ni Yamama, jirani na Riyadh ya leo. Rudi Madina, pima nyayo 7 na robo mbele kisha karibu 4 kushoto, hapo ni Mu'ta, ambayo sasa iko Jordan. Ukianzia Mu'ta kila mara, nenda nyayo 2 mbele ufike Yarmuk, nyayo 2 na robo tatu ufike Damascus, na nyayo 4 mbele na moja kulia ufike Hims. Hira ya Iraq iko nyayo 8 kulia kwa Mu'ta na moja mbele. Mtoto akiuliza Lindi iko wapi, mpeleke nyayo 35 nyuma ya Makka asimame hapo. Hawasahau tena.

Ramani huharibika pale mpimaji anapobadilika katikati ya kazi. Mwalimu akianza na kijana akamalizia, Sham yote (Syria na jirani zake) inasogea kusini, na safari ya jangwani itakayokuja darsa ya tatu inaonekana kama matembezi. Apime mtu mmoja tu, au fungeni mafundo kwenye kamba kwa urefu wa unyayo wake mpime kwa kamba. Kumbuka pia kwamba vipimo hivi ni vya mstari ulionyooka. Barabara ya Makka na Madina ni ndefu zaidi, inakaribia kilomita 450, sawa na Lindi na Dar es Salaam.

Tarehe na majina yanayochanganya

Andika tarehe za Hijria ubaoni, na za Miladia pembeni yake. Usimwachie mwanafunzi ajumlishe 622 kwa kichwa. Mwaka wa Hijria ni mfupi, na mwaka mmoja wa Hijria hugawanyika kwenye miaka miwili ya Miladia. Vita vya Mu'ta na Ufunguzi wa Makka vyote ni vya mwaka wa 8 Hijria, ila Mu'ta ni 629 na Ufunguzi ni Januari 630. Mwanafunzi asiyeelezwa hili hudhani kimoja kati ya vitabu vyake kimekosea.

Kuna majina ya kuchungwa. Al-Walid bin al-Mughira ni baba yake Khalid, kigogo wa Makureshi aliyempinga Mtume (s.a.w.). Al-Walid bin al-Walid ni ndugu yake, aliyesilimu kabla yake. Khalid bin Said bin al-As ni swahaba mwingine kabisa. Na vita vinavyoitwa Dhat al-Salasil viko viwili: vya mwaka wa 8 ambavyo amiri wake alikuwa Amr bin al-As, na vya Iraq mwaka wa 12, ambavyo ni vya Khalid. Hili la mwisho hata wahadhiri hulikosea.

Tenzi za maghazi, yaani vita vya Mtume, zinazosomwa kwenye mikusanyiko ya pwani zipendeni kwa ushairi wake, msichukue humo tarehe wala idadi ya askari.

Darsa ya kwanza: ukoo na Uhud

Anzia kwa mama. Watoto wa Kimakonde, Kiyao, Kimwera na Kimakua wanaujua uzito wa ukoo wa mama, na kwa Khalid ndiko kulikokuwa na mlango. Baba yake alitoka Banu Makhzum, ukoo uliokuwa na nguvu Makka. Mama yake ni Lubaba Mdogo binti al-Harith. Dada yake Lubaba Mkubwa, yaani Ummu al-Fadhl, aliolewa na Abbas, ami yake Mtume. Dada yao mwingine, Maimuna, aliolewa na Mtume mwenyewe mwaka wa 7. Chora dada hao watatu ubaoni, chini yao andika Khalid na Abdullah bin Abbas. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba hawa wawili ni ndugu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na kwamba mke wa Mtume alikuwa mama yake Khalid kwa hesabu zetu za huku.

Ipo hadithi sahihi inayoubeba ukoo huu vizuri. Khalid aliingia na Mtume nyumbani kwa Maimuna, ikaletwa nyama ya kuchoma ya dhabb, mjusi wa jangwani anayekula majani (si kenge, huyo ni mnyama mwingine). Mtume hakula, akaeleza kwamba mnyama huyo hapatikani katika ardhi ya watu wake. Khalid akajivutia chombo akala huku Mtume akimtazama. Ni tukio la baada ya kusilimu kwake, lakini litaje hapa ili watoto wamjue Khalid kama mtu wa nyumbani kabla hawajamwona juu ya farasi.

Kisha Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Machi 625. Chora mlima, Waislamu wakiwa wameupa mgongo, na kilima kidogo cha Ainain ubavuni kwao. Panga kokoto 7 za Waislamu: walitoka 1,000, wakabaki 700 baada ya Abdullah bin Ubayy kurudi na watu 300. Upande wa pili panga kokoto 30 za Makureshi. Korosho mbili ni farasi wao 200, na kila korosho ina amiri wake: kulia Khalid, kushoto Ikrima bin Abu Jahl. Mbegu tano za ubuyu ziweke juu ya kilima. Hao ni wapiga mishale 50 chini ya Abdullah bin Jubair, walioamriwa wasiondoke hata wakiwaona wenzao wananyakuliwa na ndege.

Sasa sogeza vitu, na usiwe na haraka. Makureshi wanarudi nyuma, Waislamu wanaanza kuokota ngawira. Ondoa mbegu nne kilimani uache moja, kwa kuwa waliobaki na amiri wao hawakuzidi kumi. Hapo mpe mwanafunzi korosho ya Khalid umuulize angepita wapi. Karibu wote huipitisha nyuma ya kilima bila kuelekezwa, na ndiko Khalid alikopita. Mwongezee kwamba alishajaribu njia ile mapema siku hiyohiyo, akarudishwa na mishale. Alikuwa anajua mlango ulipo, akasubiri ufunguliwe. Siku hiyo waliuawa Waislamu wapatao 70, akiwemo Hamza, ami yake Mtume.

Usipunguze makali ya tukio hili kwa kusema Khalid “hakukusudia”. Alikusudia. Mwanafunzi asipoliona hilo hataelewa kusilimu kwake kulikuwa na maana gani.

Darsa ya pili: kusilimu, Mu'ta na Banu Jadhima

Hudaibiya mwaka wa 6 iguse kwa sentensi moja: Makureshi walimtuma Khalid pamoja na wapanda farasi 200 kuwazuia Waislamu njiani wasifike Makka, Mtume akapita njia nyingine. Kisha barua ya ndugu yake, al-Walid, aliyemshangaa mtu mwenye akili kama yeye kuchelewa kuuona Uislamu. Mwezi wa Safar mwaka wa 8 Khalid alifika Madina akiwa na Amr bin al-As na Uthman bin Talha.

Miezi michache tu baadaye ni Mu'ta. Jeshi lilikuwa la watu 3,000. Kosa la kawaida ni kusema kwamba Mtume alimteua Khalid. Walioteuliwa ni Zaid bin Haritha, akiuawa Jaafar bin Abi Talib, akiuawa Abdullah bin Rawaha. Wote watatu waliuawa. Thabit bin Aqram akaiokota bendera, watu wakakubaliana na Khalid, ambaye siku ile alikuwa askari kama wengine. Wanafunzi wasimame watatu mstarini, wapokezane kitambaa, wa nne aje kukichukua. Ukiisimulia bila kitambaa, majina yanawachanganya.

Idadi ya maadui iliyopokewa na Ibn Is'haq ni 200,000, Warumi 100,000 na Waarabu waliojiunga nao 100,000. Itaje kuwa ni riwaya, usiingie kwenye hesabu za kila Mwislamu alipigana na wangapi. Jambo la kufundisha ni namna alivyowatoa watu pale. Kwa riwaya ya al-Waqidi, usiku alibadilisha safu, wa kulia wakawa kushoto na wa mbele wakawa nyuma, na asubuhi adui akaona sura ngeni na bendera ngeni akadhani msaada umefika. Waliporudi Madina baadhi ya watu waliwaita watoro, Mtume akawatetea. Walimu wengi wanaiita Mu'ta ushindi mkubwa. Ni salama zaidi kusema aliliokoa jeshi lililokuwa linakwisha, na hilo nalo ni la amiri hodari. Panga tisa zimo kwenye Sahihi al-Bukhari, kwa maneno yake mwenyewe: zilivunjika tisa, ukabaki upanga mmoja mpana wa Yemen. Jina la Upanga wa Mwenyezi Mungu limetokana na khabari ya Mu'ta.

Halafu Banu Jadhima, baada ya Ufunguzi wa Makka. Hapa walimu wengi huruka, na ni vibaya, kwa sababu kijana ataikuta kwenye simu yake peke yake bila mtu wa kumweleza. Watu wale walishindwa kutamka vizuri kwamba wamesilimu, wakasema wameacha dini yao, Khalid akaamuru wauawe na wengine watekwe. Abdullah bin Umar alikataa kumuua mateka wake. Khabari ilipofika, Mtume aliinua mikono akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo alichofanya Khalid, kisha akamtuma Ali kulipa dia, yaani fidia ya damu. Hakumvua cheo. Yaseme yote mawili pamoja, kwa sauti ileile uliyotumia kwa Mu'ta.

Darsa ya tatu: Ridda, Iraq, jangwa

Ni darsa iliyojaa kuliko zote. Ukitaja kila mapigano ya Iraq utapoteza dakika 20 kwa majina ambayo hakuna atakayeyakumbuka. Chukua matatu.

La kwanza ni Yamama, kwenye vita vya Ridda, yaani vya walioritadi baada ya Mtume kufariki, dhidi ya Musailima aliyedai utume. Aliyemuua ni Wahshi, yuleyule aliyemuua Hamza siku ya Uhud. Mrudishe mwanafunzi kwenye kokoto za darsa ya kwanza. Mahafidhi wengi waliuawa Yamama, na hilo ndilo lililomfanya Umar amshauri Abu Bakr Qur'ani ikusanywe, kazi akapewa Zaid bin Thabit. Kwa mwanafunzi wa madrasa hakuna kiungo chenye nguvu zaidi ya hiki: msahafu alioupakata una mkono wa siku ile.

Kabla ya Yamama lipo suala la Malik bin Nuwaira, mkubwa mmoja wa kabila la Tamim. Kwa vijana wakubwa sema hivi: Malik aliuawa na watu wa Khalid, Abu Qatada akapinga akaenda kushtaki Madina, Khalid akamuoa mjane wa Malik, Umar akataka auzuliwe, Abu Bakr akaona amefasiri akakosea, akalipa dia na akakataa kuurudisha alani upanga ambao Mungu ameuchomoa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu Malik mwenyewe. Simama hapo, usigeuze darsa kuwa mahakama. La muhimu kwa darsa ya nne ni kwamba Umar na Abu Bakr walimtazama Khalid kwa macho tofauti mapema kabisa.

La pili ni Hira, mwaka wa 12 (633), iliyosalimu amri kwa mkataba wa jizya, kodi ya wasio Waislamu. Fupi.

La tatu ni jangwa, na hapa toka nje kwenye ramani. Mwaka wa 13 Abu Bakr alimwandikia Khalid aache Iraq aende kuwasaidia waliokuwa Sham. Simamisha mtoto Hira, mwambie aende Damascus. Njia za kawaida zilikuwa na ngome za Warumi. Khalid akachagua kukata jangwa kutoka Quraqir hadi Suwa, siku tano bila kisima. Kiongozi wa njia, Rafi bin Umaira wa kabila la Tai, alimwambia kwamba jeshi lenye farasi halipiti hapo.

Eleza hila ya maji hatua kwa hatua, maana watoto hupenda kujua ilivyofanyika. Walichaguliwa ngamia wakubwa wenye umri, wakanyimwa maji mpaka wakawa na kiu kali. Kisha wakanyweshwa, wakaachwa, wakanyweshwa tena. Midomo ikafungwa wasicheue, kwa kuwa ngamia akicheua maji yaliyohifadhika tumboni yanatumika. Kila kituo walichinjwa kadhaa, maji ya matumbo yakanyweshwa farasi, na askari wakanywa ya kwenye viriba. Siku ya mwisho Rafi alikuwa na ugonjwa wa macho, haoni vizuri, akawaambia watafute kichaka cha miiba. Wakasema hakipo. Akasisitiza, wakakuta kisiki chake tu, wakachimba shinani, maji yakatoka. Alikuwa amefika pale mara moja tu maishani, akiwa mtoto na baba yake.

Wanahistoria wanatofautiana kuhusu njia yenyewe, kama alipita Dumat al-Jandal au upande wa Palmyra. Chora mstari wa nukta, usiukaze.

Darsa ya nne: Yarmuk na kuuzuliwa

Hii iandaliwe kwa uangalifu kuliko zote, na isifanywe siku ambayo msikiti una shughuli nyingine.

Liondoe kwanza kosa kubwa. Husimuliwa kwamba barua ya Umar ya kumuuzulu Khalid ilifika katikati ya vita vya Yarmuk akaificha mpaka ushindi. Masimulizi hayo yanategemea riwaya inayoviweka vita hivyo mwaka wa 13. Tarehe inayotegemewa zaidi ni Rajab mwaka wa 15, Agosti 636. Umar alishika ukhalifa Jumada al-Akhira mwaka wa 13, kwa hiyo Yarmuk ilipiganwa miaka miwili baadaye, amiri mkuu akiwa Abu Ubaida bin Jarrah na Khalid akiongoza wapanda farasi chini yake. Sema hivi, na somo linazidi kuwa zito: ushindi mkubwa wa Sham aliupigania akiwa ameshashushwa cheo.

Andika ubaoni kwamba aliuzuliwa mara mbili. Mwaka wa 13 alivuliwa uamiri mkuu. Mwaka wa 17 aliondolewa kabisa akiwa Qinnasrin, kaskazini mwa Sham, baada ya kumpa al-Ash'ath bin Qais zawadi ya dirham 10,000. Umar aliagiza aulizwe: kama ni mali yake ni israfu, kama ni ya Waislamu ni khiyana. Ikathibitika ni yake, na bado akaondolewa. Kisha Umar akaiandikia miji kwamba hakumuuzulu kwa hasira wala kwa khiyana, ila watu walifitinika naye, na alitaka wajue kwamba mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Soma maneno hayo mara mbili. Mwalimu asiyeyasoma huishia kuwafanya wanafunzi wachague kati ya Umar na Khalid, na ubishi huo hauna faida.

Khalid alifariki mwaka wa 21 (642), na kauli iliyoenea ni kwamba alifia Hims, ingawa wapo waliosema Madina. Alilalamika kwamba mwili wake hauna pahala pasipo jeraha la upanga, mkuki au mshale, na anafia kitandani kama afavyo ngamia. Alichoacha ni farasi, silaha na mtumwa. Umar alipopata khabari alisema Abu Sulaiman, yaani Khalid, alikuwa sivyo walivyomdhania, na wanawake wa Banu Makhzum walipomlilia akawaacha walie, mradi wasipige mayowe wala kujimwagia mchanga.

Dakika kumi za mwisho ni za kupima. Futa majina kwenye ramani, umpe kila mwanafunzi kokoto aiweke mahali utakapotaja: Mu'ta, Yamama, Hira, Yarmuk, Hims. Kisha maswali matatu ya kuandika: nani alikuwa amiri mkuu Yarmuk, panga zilivunjika vita gani, na dirham 10,000 zilipewa nani. Asilimia kubwa wakikosea la kwanza, ujue bado wanaikumbuka ile khabari ya barua katikati ya vita. Rudia tarehe za mwaka wa 13 na wa 15 mwanzoni mwa darsa inayofuata, hata kama ni ya fiqhi.